Mawazo hayaishi kwa kuambiwa usiwaze

Jirani yetu hapa Ujiji alifiwa na mume, mvuvi wa dagaa. Miezi mitatu ikapita, usingizi hana. Ukimkuta Kibirizi anaanika dagaa, mikono inasimama katikati ya kazi. Tulimwambia yote tunayoyajua: subiri, mwachie Mungu, wenzako yamewafika makubwa zaidi. Alipoelekezwa kwa mshauri nasaha, shangazi yangu alihamaki: "Mambo ya ndani umpelekee mtu baki?"

Hoja ya shangazi si ya kubeza. Ndugu anajua ulikotoka, hadai miadi, na imamu au padri yuko karibu kuliko mshauri yeyote. Msiba wetu hubebwa na wengi. Ila ndugu husikiliza akiwa na jibu mdomoni, na mara nyingine yeye mwenyewe ni sehemu ya tatizo. Hilo utamwambiaje?

Wanaodhani ushauri nasaha ni mambo ya Wazungu watazame Harare, Zimbabwe. Mwaka 2006 mtaalamu wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kuwafundisha bibi wa mitaani kuwasikiliza wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Hawaanzi na neno sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Wanasema kufungisisa, Kishona cha kuwaza kupita kiasi, nasi tunalo la kwetu: "ana mawazo". Hatua ya kwanza wanaiita kuvhura pfungwa, kufungua akili. Mgonjwa anataja matatizo yake yote, anachagua moja tu, kisha anatafuta mwenyewe hatua ndogo ya kuanzia. Bibi anauliza, hahukumu.

Utafiti wa benchi hilo uliochapishwa 2016 ulihusisha watu 573 katika zahanati 24. Baada ya miezi sita, waliokuwa na dalili za sonona katika kundi la benchi walikuwa asilimia 13.7, katika kundi la huduma ya kawaida, asilimia 49.9. Narudi kwenye takwimu hizi kila nikisikia kwamba ndugu wanatosha. Hao wa kundi la pili nao walikuwa na shangazi. Walikuwa na makanisa, majirani na watu wa kuwaambia wasubiri, na bado karibu nusu yao walikuwa wanaumwa. Ni kweli miezi sita si maisha, na takriban mmoja kati ya saba benchi halikumtosha. Huyo anahitaji daktari.

Jirani yetu alikwenda. Alipoulizwa ataje yote yanayomkesha, hakuanza na kifo. Alianza na marejesho ya kikoba, maana mume alikuwa amekopa kwa jina la mkewe. Miezi mitatu tulimfariji kwa msiba, na katika sisi sote hakuna aliyewahi kumuuliza.

Hatua yake ndogo ilikuwa kwenda kwa mweka hazina kuomba marejesho yapangwe upya. Shangazi ndiye aliyemsindikiza.