Treni, bamvua na kamera: picha za Dawlish zina thamani gani?

Dawlish ni mji mdogo wa Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, na reli yake imebanwa kati ya bahari na majabali mekundu. Mhandisi Isambard Kingdom Brunel ndiye aliyeipitisha hapo, na treni zikaanza kupita mwaka 1846. Bamvua likikutana na upepo wa mashariki, wapiga picha hujazana kusubiri treni ifunikwe na povu. Kuna wanaowaona kuwa watunza kumbukumbu, na kuna wanaowaona kuwa watu wanaotafuta balaa.

Wanaowalaumu wana hoja nzito. Ukuta uliosimama wima haulivunji wimbi, hulirudisha. Likirudi hukutana na linalofuata, na maji yakaruka juu kuliko wimbi lolote lililoonekana likija. Kwa hiyo anayesimama kwenye njia ya miguu kando ya reli, akijipimia usalama kwa mawimbi matano yaliyotangulia, anajidanganya. Maji hayo hubeba mawe, na yakirudi yanaweza kuondoka na mtu. Atakayeitwa kumwokoa ataingia kwenye bahari hiyohiyo. Anayesimama hapo sina utetezi wake, hata picha yake iwe nzuri namna gani.

Lakini tukumbuke usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 2014. Dhoruba ilibomoa ukuta, udongo ukasombwa, na reli zikabaki zinaning'inia hewani kama ngazi ya kamba. Njia ilifungwa hadi tarehe 4 Aprili, na Cornwall yote, eneo lililo magharibi ya Devon, ikakosa treni ya moja kwa moja kwenda London. Picha ya reli hizo ilizunguka dunia. Sidai kwamba ndiyo iliyotoa takriban pauni milioni 80 za ukuta mpya uliokamilika mwaka 2023. Ila ripoti ya kihandisi husomwa na wachache, na reli inayoning'inia haihitaji maelezo.

Hoja inayonisumbua zaidi ni ya ukweli wa picha zenyewe. Lenzi ndefu huvuta vitu vikaribiane: wimbi lililopiga ukuta mita kadhaa mbele ya treni huonekana limeimeza. Mtazamaji huuliza ni mwendawazimu gani aliyeruhusu treni ipite. Haoni kwamba bahari ikichafuka, treni zinaweza kuelekezwa kwenye reli iliyo mbali zaidi na maji, au kusimamishwa kabisa. Wala haoni tatizo lisilopendeza kwa kamera: treni za aina ya Voyager zina vifaa vya breki ya umeme juu ya paa, na maji ya chumvi yakivilowesha treni inaweza kuzimika njiani. Kwa abiria, hilo ni usumbufu wa kweli kuliko povu lote lile.

Je, picha zisipigwe basi? Hapana. Nawaunga mkono wapigaji, kwa sharti la mahali pa kusimama. Kilima cha Lea Mount kinatazama stesheni kutoka juu, na hapo ukuta, reli mbili na bahari vyote huingia kwenye fremu moja. Picha ya hapo hutisha kidogo na hueleza mengi. Juu nako si salama tu kwa kuwa ni juu: Machi 2014 jabali liliporomoka kati ya Dawlish na mji jirani wa Teignmouth, kwa hiyo ukingo haukaribiwi.

Shata, yaani kizibo cha kamera kinachoruhusu mwanga kuingia, ikifunguka kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde hugandisha kila tone. Ukiipunguza kasi, maji hurudishiwa uzito wake. Mimi napendelea ya pili, kwa sababu matone yaliyoganda hufanana na glasi iliyovunjika. Chumvi ikirukia lenzi, usiifute kwa kitambaa kikavu. Ioshe kwanza kwa maji yasiyo na chumvi.

Wapo wanaonung'unika kwamba ukuta mpya, wenye mdomo uliopindwa kuelekea baharini, umewaharibia burudani kwa sababu unayarudisha mengi ya maji yaliyokuwa yakirukia reli. Malalamiko hayo hayana uzito kwangu. Ukuta uliopo ukifanya kazi yake, nao ni wa kupigwa picha: treni kavu, bahari imevimba chini yake.