Wenzetu walianza na mtaro

Nimekulia Kigogo, Dar es Salaam, hatua chache kutoka Bonde la Msimbazi. Masika ikianza, kila mtu nyumbani anajua kazi yake: godoro linapanda juu ya kabati, redio juu ya godoro, watoto wanapelekwa kwa shangazi Mabibo. Maji yakishuka anakuja mwenyekiti wa serikali ya mtaa na daftari, anaandika majina ya walioathirika. Jina la mama liko kwenye madaftari manne ninayoyakumbuka mimi. Yalikoishia hayo madaftari, muulize mwenyekiti.

Sasa naishi San Antonio, Texas, upande wa magharibi wa jiji, katikati ya watu wenye asili ya Mexico. Nyuma ya nyumba niliyopanga kuna mfereji wa zege mpana kama barabara ya njia mbili, na karibu mwaka mzima ni mkavu. Wiki ya kwanza nilimuuliza jirani yangu kazi yake nini. Ni bibi wa miaka sabini na kitu, mtaa mzima unamwita doña, Kihispania cha kumheshimu mama mtu mzima. Akacheka. "Huo tuliudai sisi," akasema.

Kumbe huku nako watu walikuwa wakipandisha magodoro juu ya makabati. Miaka ya sabini mwanzoni Walatino, yaani hawa wenye asili ya Mexico na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini, walikuwa takriban nusu ya wakazi wa San Antonio, lakini mvua ikinyesha watoto wao walikwenda shule wakikanyaga tope. Madiwani walichaguliwa na jiji zima kwa mkupuo, kwa hiyo mitaa yenye pesa kaskazini ndiyo iliyoamua nani aingie barazani. Baba yake doña alianza kuona kura ni kitu cha matajiri zamani zile ambapo Texas ukitaka kupiga kura unalipia kwanza, dola moja na nusu na ushee. Kodi hiyo ilifutwa kabisa mwaka 1966.

Mwaka 1974 kijana wa hapahapa, Ernesto Cortés, alianza kupita nyumba kwa nyumba. Hakuuliza watu ni wa chama gani. Aliuliza nini kinawanyima usingizi, nao wakamjibu: mafuriko. Ndipo kikazaliwa kikundi cha wananchi kinachoitwa COPS, na uti wa mgongo wake ukawa parokia za Kikatoliki, hasa akina mama wale wanaopika kwenye sherehe za kanisa na kutunza hela za kikundi. Anayezijua jumuiya ndogondogo za kwetu ameshawaona hao akina mama. Walichimba makabrasha ya jiji wakakuta mitaro yao iliandikwa kwenye mipango tangu miaka ya arobaini, haijajengwa. Wakaujaza ukumbi, wakamweka mkurugenzi wa jiji mbele, wakamsomea makaratasi yake mwenyewe.

Mwaka uliofuata walifanya kituko ambacho doña anakisimulia kwa vitendo, mikono ikihesabu hewani. Walipanga foleni kwenye benki kubwa ya mjini, wakabadilisha noti kuwa senti, wakazunguka foleni ya pili, wakabadilisha senti kuwa noti. Wenzao walikuwa kwenye duka la kifahari wakijaribu makoti, moja baada ya jingine, bila kununua hata kitambaa. Hakuna jiwe lililorushwa, na wakubwa wa biashara wakakaa nao mezani.

Mwaka huohuo, 1975, Bunge la Marekani lilipanua sheria ya haki za kupiga kura ili iwalinde pia wanaozungumza Kihispania, na karatasi za kura zikaanza kuandikwa kwa lugha yao. Jiji likabanwa, na mwaka 1977 likagawanywa kata kata, kila kata na diwani wake. Mwaka 1981 Henry Cisneros akawa meya, Mmarekani wa asili ya Mexico wa kwanza kukalia kiti hicho tangu karne ya kumi na tisa. Wakati wote huo Willie Velásquez, mtoto mwingine wa mji huu, alikuwa akizunguka kuandikisha wapiga kura chini ya kaulimbiu yake: kura yako ni sauti yako.

Wabongo wa huku nikiwasimulia haya wananijibu, "Wenzetu ni wengi." Wingi walikuwa nao tangu mwanzo, na tope pia walikuwa nalo. Na kujipanga sisi tunaweza. Nani asiyeijua kamati ya harusi? Mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kikao kila Jumamosi, ahadi zinaandikwa, usipolipa unapigiwa simu hadi unaona aibu. Kundi letu la WhatsApp hapa Texas hukusanya nauli ya kusafirisha mwili wa marehemu hadi Dar ndani ya siku tatu. Nililituma humo tangazo la kikao cha bajeti ya jiji. Nikapata dole gumba moja, kisha mjadala wa nani atapika pilau Jumapili ukaendelea.

Nyumbani nisiwaonee watu, maana kudai kuna bei yake. Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima na mimi huku nikabaki naiangalia simu. Na mimi mwenyewe sina kura huko tena. Nilipokula kiapo cha Marekani mwaka 2019 nilivua uraia wa Tanzania, kwa sababu sheria yetu hairuhusu miwili. Wakenya wanaruhusiwa, tangu katiba yao ya 2010. Nawaonea wivu, na nawaambia hivyo.

Wala huku si peponi. Upande wetu wa jiji bado ni maskini, na uchaguzi wa meya mara nyingi hauvuti hata asilimia 20 ya walioandikishwa. Walatino wenyewe hawaendi kama kundi la ng'ombe: mwaka 2024 wilaya ya Starr, mpakani, ambako karibu kila mtu ni Mlatino, ilimpa kura mgombea urais wa chama cha Republican kwa mara ya kwanza tangu 1892. Doña alikasirika siku mbili. Mimi naona ndiyo dalili kwamba kura ni yao, sasa kila mgombea anawabembeleza.

Mei 2022 jiji liliomba idhini ya wananchi likope dola bilioni 1.2, karibu milioni 170 zikiwa za mitaro. Nilimpeleka mzee mmoja Mkongo, jirani, kupiga kura maktaba. Kiingereza cha mtihani wa uraia alikikariri, cha kwenye skrini kikamshinda, na skrini yenyewe inauliza tu: Kiingereza au Kihispania? Kiswahili hakimo. Sheria inamruhusu kuja na msaidizi, basi nikala kiapo kwamba sitamshawishi, nikamsomea pendekezo moja moja polepole. La mitaro alinirudisha nilisome tena.

Tulipotoka akasimama kwenye kituo cha basi kisicho na kivuli, jua kali la Texas kichwani. "Sasa hii kivuli ya bisi, tutaomba nani?" Nikampa namba ya ofisi ya diwani wetu. Jumatatu asubuhi alinigongea mlango, simu mkononi, nimsaidie kuongea.