Mimi Napiga Stata, Fundi Anapiga Ramli

Jamani, mafuta nimeweka sasa hivi. Nageuza ufunguo, stata inazunguka kwa nguvu zote, gari haliwaki. Narudia, vilevile. Nyuma yangu bodaboda wameshapandisha sauti: "Mzee, sogeza hilo kabati!" Mimi mtu mzima, nina tai shingoni, nasubiriwa kikaoni Mtumba, kwenye mji wa serikali.

Kijana wa sheli anasema tulisukume liwake. Gari la otomatiki, haliwaki kwa kusukumwa! Mwingine anataka kunyunyiza petroli kwenye mdomo wa hewa, anadhani bado tuko enzi za kabureta. Tukalisukuma, ila mpaka chini ya mwarobaini tu, na vijana wakadai ya soda.

Ndipo akaja fundi. Kwanza akaitazama tai, akaniita mheshimiwa. Hapa Dodoma ukiitwa mheshimiwa jua bei imeshapanda, hasa Bunge likiwa linaendelea. Hakuuliza gari limefanyaje. Aliuliza nililinunua bei gani. Akafungua boneti, akainamia injini kimya kimya kama daktari anayetafuta maneno ya kuwaambia ndugu.

"Mheshimiwa, hapa pampu ya mafuta."

Nikamwambia njoo usikie. Nikafungua swichi bila kupiga stata. Chini ya siti ya nyuma pampu ikanguruma sekunde mbili tatu, ikanyamaza, ndivyo inavyotakiwa.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Inalia, lakini haisukumi."

Na hana geji ya presha! Kajuaje? Akahamia kwenye fyuzi. Akazichomoa zote, akazipuliza mojamoja, akazirudisha anavyojua mwenyewe. Mpaka leo nikiwasha waipa redio inazima. Akaja kwenye plagi, akazing'oa, akazisugua kwa msasa huku akipiga mluzi.

Nikamwomba kitu kidogo tu: nikipiga stata, tazama mshale wa RPM, ule wa mizunguko ya injini. Haunyanyuki hata unywele. Yaani injini inazunguka na kontrolboksi, kompyuta ya gari, haina habari! Sensa ya kranki, inayosoma mzunguko wa shafti ya injini, ndiyo inayopeleka hizo habari, na isipopeleka, cheche haitoki, nozo za kunyunyiza mafuta hazifunguki, hata ungekuwa na tangi la lori.

"Mheshimiwa, wewe ni fundi?"

"Hapana."

"Basi pumzika kivulini."

Nikapumzika. Akapigiwa simu kijana mwenye mashine ya kupimia. Akaja na bodaboda, nauli juu yangu, akachomeka waya chini ya usukani, ikatoka kodi, yaani namba ya hitilafu, P0335. Hiyo ni saketi ya sensa ya kranki, ndiyo niliyokuwa naimba tangu mwanzo! Fundi akachungulia kioo, uso ukamng'aa.

"Si nilisema? P. Pampu!"

Kodi zote za injini na gia zinaanza na P! Ingekuwa gia ingekuwa pampu? Nikavua tai. Bodaboda wale wale waliokuwa wananifukuza sasa wamekaa mstari mzima, wanashangilia kila upande unapojibu.

Tukibishana hivyo, injini ikapoa. Hizo sensa nyingi zikichoka hukata zikipata moto, zikipoa zinafanya kazi tena. Fundi akarudisha plagi zake, akapiga stata mara moja, likawaka! Makofi. "Plagi hizo, mheshimiwa." Pampu imesahauliwa. Akapokea hela ya plagi, ya fyuzi na ya "ushauri".

Nimefika maeneo ya Nanenane, likazima katikati ya malori. Ndiyo, Dodoma yetu, jua la saa saba.

Dukani Majengo naulizia sensa ya kranki, muuzaji ananiuliza nataka ya kulia au ya kushoto. Kikao nacho kimeisha bila mimi, nimechaguliwa kuandika muhtasari. Nyumbani bomba linakoroma hewa, na mwenye nyumba kapita kukumbushia kodi, hii ya kwake haihitaji mashine kuisoma.

Bado jirani yangu wa lifti. Kanitumia ujumbe: "Kaka, kesho tunatokaje?" Tunatokaje! Mafuta hajawahi kuchangia hata ya kunusa. Anakaa mbele, siti anairudisha nyuma mpaka mwisho, anashusha kioo kuanzia Nkuhungu, vumbi lote linaingia, halafu tukifika mjini anajipangusa suruali na kuniambia, "Kaka, ungekuwa unaliosha osha hili gari."