Gitaa la jioni Hamburg, kabati la asubuhi Keko

Mdogo wangu, seremala kule Keko, Dar es Salaam, aliponipigia mwezi uliopita alinikuta chini, kwenye stoo ya ghorofa tunamoishi hapa Hamburg, nikikunja ubavu wa gitaa kwenye bomba la moto. Nikaiegemeza simu ukutani ili aone. Alitazama kimya mpaka ubao ulipokaa kwenye kalibu, kisha akauliza: "Kaka, hilo unamtengenezea nani?" Nikamwambia simtengenezei mtu, natengeneza tu. Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo mteja bado hajapatikana?"

Nimeishi hapa miaka kumi na miwili na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Wajerumani huuliza nilijifunzia wapi, natumia mbao gani, nimefikia gitaa la ngapi. Nikisema ni hobi, wanaelewa na hawahitaji maelezo mengine. Kwetu Keko, ambako baba yetu alipiga randa zaidi ya miaka thelathini, mtu mzima anayekesha na patasi mkononi bila oda ya mteja, majirani wataanza kumuulizia hali.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba katika hili huku wametuacha mbali. Napanga mizigo ghalani kwa zamu, saa tisa alasiri natoka, na jioni ni yangu. Nilijiunga na darasa la jioni ambako mzee mmoja mstaafu alitufundisha kuchonga shingo, kupunguza uso wa gitaa mpaka ubaki milimita mbili na nusu hivi, kupanga vijiti vya ndani kama mbavu za upepeo, kama alivyofanya fundi wa magitaa Antonio de Torres kule Uhispania karne ya 19. Baba hakuwahi kupata jioni za namna hiyo. Alipofunga karakana alikuwa ameshachoka, na kesho yake kulikuwa na kitanda cha mtu aliyekwisha kulipa nusu.

Siku hizi nimeanza kuliona jambo hili kwa upande wa pili, na ndiyo maana naandika.

Mimi nina muda na nina vifaa ambavyo baba hakuviota, ila sina marudio. Nimetengeneza magitaa saba katika miaka sita. Kila ninapofika kwenye hatua ya kugundisha shingo na mwili, imeshapita karibu mwaka tangu mara ya mwisho, na mkono umesahau. Nafungua daftari, nasoma, napima upya, naogopa. Baba alikuwa akipiga milango na makabati wiki hadi wiki. Kufikia umri wangu huu alikuwa ameshachimba matundu ya kiungo maelfu kwa patasi ileile, na alikuwa anajua kwa sauti ya nyundo kama ubao uko karibu kupasuka. Hakuna kozi inayompa mtu kitu hicho. Wanaokupa ni wateja, wanaokuja Jumatatu na Jumanne na Jumatano, wanaolalamika, wanaorudisha kazi. Hobi inampa mtu uhuru wa kutokuwa na mteja, na hapohapo inamnyang'anya mwalimu.

Basi kwa nini nisiache ghala nikawa fundi wa magitaa kamili? Wenzangu hapa huniuliza sana, hasa vijana waliotoka nyumbani wakiwa na kipaji cha mikono. Nawapa hesabu yangu mwenyewe. Gitaa la tano niliuza euro 1,500, na aliyenunua alifurahi kweli. Mbao, nyuzi, vifungio vya kukazia nyuzi, freti (vile vijiti vyembamba vya chuma vinavyokatiza shingo) na vanishi ya shelaki vilikula 400. Nilikuwa nimeandika saa zangu: 160. Gawanya 1,100 kwa 160, hupati hata euro 7 kwa saa, wakati kima cha chini cha mshahara Ujerumani mwaka 2025 kilikuwa 12.82. Ndio kusema ghalani, ambako sihitaji kufikiri, nalipwa vizuri kuliko kwenye kitu ninachokiweka moyoni. Fundi mwenye jina huuza kwa bei mara tatu au nne ya hiyo, lakini jina hilo linachukua nusu ya maisha kulijenga.

Mafundi wanaoishi kwa kazi hii, wale niliowatembelea, wengi hawali kwa magitaa mapya. Wanakula kwa ukarabati. Kubadilisha freti zilizolika, kuziba nyufa, kurudisha kidaraja kilichobanduka, kile kipande kinachoshika nyuzi juu ya uso, kunyoosha shingo. Hapa msimu wa baridi ukifika na vipasha joto vya nyumbani vikiwashwa, hewa ya ndani hukauka mpaka unyevu wa asilimia 30, na gitaa linataka 45 mpaka 50. Uso unasinyaa, unapasuka, na mwenyewe anakimbia kwa fundi. Gitaa jipya wanalitengeneza usiku, baada ya foleni ya wagonjwa kuisha. Kwa maneno mengine, hata aliyeifanya iwe kazi, sehemu anayoipenda bado anaifanya jioni kama mimi. Nilipoligundua hilo nilikaa nalo siku kadhaa.

Huku pia kuna mlango rasmi, na nauheshimu. Kutengeneza ala za nyuzi ni fani yenye mafunzo ya miaka mitatu na zaidi, yenye mtihani na cheti. Kuna shule Mittenwald kule kusini ambayo imekuwapo tangu 1858, na kuna mji wa Markneukirchen, Saxony, ambao umeishi kwa ala za muziki kwa karne kadhaa. Kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 20 anayepata nafasi ya namna hiyo aichukue kwa mikono miwili. Ila mji uleule wa Markneukirchen una kisa ambacho mimi, mtoto wa seremala, nimekishika sana. Christian Friedrich Martin alizaliwa pale mwaka 1796 katika ukoo wa maseremala. Watengeneza fidla wa mji ule walikuwa na chama chao, na wakashikilia kwamba seremala hana haki ya kutengeneza magitaa. Ugomvi ulifika mpaka serikalini. Mwaka 1833 Martin alivuka bahari na familia yake kwenda New York, akafungua duka. Baadaye akahamia Nazareth, Pennsylvania, ambako kampuni yenye jina lake inatengeneza magitaa mpaka leo. Seremala, tena mhamiaji. Kila anayesema mafundi wa Keko ni watu wa vitanda tu, namkumbusha huyo.

Na mbao je? Hapa dukani kipande cha mpingo cha kutengenezea ubao wa vidole kinauzwa kwa bei ambayo ningeona aibu kumtajia mtu wa Kilwa. Mti wenyewe unachukua zaidi ya miaka 70 kufikia unene wa kuvunwa, ni mzito kiasi cha kuzama majini, na klarineti na oboe (ala za kupuliza) nyingi za dunia zimetoka kwake. Vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, vilipata cheti cha FSC, cha msitu unaovunwa kwa uangalifu, mwaka 2009, vikiwa vya kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Tangu Januari 2017 mpingo uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, pamoja na ndugu zake wote wa jamii ya miti ya Dalbergia, kwa hiyo gogo au ubao hauingii soko la kimataifa bila kibali. Lakini ala ya muziki iliyokamilika iliondolewa kwenye sharti hilo mwishoni mwa 2019. Mtu yeyote wa Lindi au Dar akilitafakari hilo ataona mahali pa kusimama: ubao unapata shida kusafiri, chombo kilichomalizika kinapita.

Ninajua matatizo yake. Ubao wa uso, iwe sprusi au mwerezi, hatuna, lazima uagizwe. Hewa ya Dar ina unyevu na chumvi. Gitaa lililojengwa Hamburg likifika Kigamboni linavimba kifua, nyuzi zinapanda juu, zinashika kutu. Lakini hizo ndizo sababu za kuwa na fundi pale pale. Kila kanisa lenye kwaya lina magitaa. Bendi za dansi, Msondo na Sikinde na nyingine, zimesimama juu ya solo, rizimu na besi tangu sisi hatujazaliwa. Nani anawatengenezea freti zilizolika? Nimewauliza wapigaji watatu ninaowafahamu, na wote walinijibu namna moja: unapiga hivyohivyo mpaka life, kisha unatafuta jingine la mtumba.

Kwa hiyo sitaacha ghala, na sitamwambia mdogo wangu aache makabati. Kabati ndilo lililotulea sisi watoto sita. Nilichomwambia ni kwamba Agosti nakuja kwa wiki tano, sitakaa sebuleni kama mgeni. Alisikiliza, akauliza freti moja tunaweza kutoza shilingi ngapi. Nikamjibu tutapanga naye. Akauliza tena kama umbali kati ya freti unapimwa kwa jicho. Nikamweleza: urefu wa uzi, milimita 650, ugawe kwa 17.817, unapata 36.5, hapo ndipo freti ya kwanza. Kinachobaki unakigawa tena vilevile. Akaomba nirudie polepole, akaandika kwa penseli kwenye ubao wa mninga uliokuwa mbele yake.

Jana amenitumia picha. Ile kona karibu na mlango, alikokuwa baba akiweka makopo ya vanishi, imesafishwa na kufungwa jiliwa. Juu yake kuna gitaa la kwaya ya jirani, kidaraja kimebanduka, na mwenyewe ameambiwa asubiri mpaka Agosti.