Madam Alitaka Nyaya Zipendeze

Saiba yetu iko Umoja Innercore, Nairobi, ghorofa ya kwanza, juu ya kinyozi. Ina kompyuta nane, printa moja inayotaka kubembelezwa, na mimi. Wateja huniita Fundi. Jina hilo nilijipa mwenyewe wiki ya kwanza, likashika. Ufundi wangu wakati huo ulikuwa mmoja tu: nikizima kompyuta na kuiwasha, inawaka.

Jumatatu moja ikafika tarehe 30 Juni 2025. Mkenya yeyote mwenye PIN, ile namba ya mlipa kodi, anaijua hiyo tarehe. Ndiyo siku ya mwisho ya kujaza ritani za KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, na ukipitisha usiku wa manane unangojewa na faini isiyopungua shilingi 2,000. Mlango huwa wazi tangu Januari mosi, miezi sita mizima. Sisi Januari hupata wateja watatu, Februari wawili, halafu Umoja nzima inakuja tarehe 30 Juni.

Madam, mwenye saiba, alifika mapema siku hiyo. Akasimama mlangoni, akainama, akatazama chini ya meza.

"Fundi, hizo nyaya zako ni kama matumbo ya mbuzi. Leo watu watakuwa wengi. Zipange zipendeze."

Basi nikazipanga. Kwetu, rauta ndiyo inayoleta intaneti. Kutoka kwa rauta unatoka waya mmoja hadi kwa swichi, kisanduku cheusi chenye matundu 16 kilichokaa kwenye rafu ya chini, na kila kompyuta ina waya wake unaoingia humo. Kompyuta namba tano ilikuwa imekufa na kupelekwa Luthuli Avenue kwa matibabu, lakini waya wake ulibaki: upande mmoja umo ndani ya swichi, upande wa pili uko sakafuni unakanyagwa na kila anayepita. Nilipokuwa nafunga zile nyaya kwa vikamba vya plastiki, nikakuta kichwa kinaning'inia. Nikajiambia, maskini, huyu amechomoka. Nikamtafutia tundu lililo wazi kwenye swichi, nikamchomeka.

Tak!

Kama kuna sauti tamu katika kazi hii ni hiyo tak.

Taa za swichi yetu huwa zinapepesa kila moja na wakati wake. Baada ya ile tak zikaanza kupepesa zote kwa pamoja, haraka, mfululizo, kama matatu mpya ya Umoja saa mbili za usiku. Nikafurahi. Nilidhani ni nyaya zimefurahia kupangwa.

"Sasa!" Madam akasema, akiangalia chini ya meza. "Hivi ndivyo ofisi inavyokaa." Ilikuwa saa nne kasorobo.

Saa nne kasorobo na dakika moja, mwalimu mmoja wa shule ya msingi, aliyekuwa ameng'ang'ana na fomu yake ya P9, ile ya mshahara na kodi ya mwaka, tangu saa mbili na nusu na sasa alibakisha kubonyeza mara moja tu amalize, akanyoosha mkono kama wanafunzi wake.

"Fundi, hiki kiduara kinazunguka."

"Kipe muda, Mwalimu."

"Hata huku kinazunguka," akasema mama wa mitumba. "Hata kwangu," akasema mtu wa boda. Nikatazama skrini moja moja. Viduara sita vinazunguka, na foleni imefika kwenye ngazi.

Sasa niwape siri ya kazi. Mteja akianza kukasirika, fungua kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri. Andika ping -t 8.8.8.8, yaani kupigia hodi kompyuta ya Google bila kukoma, halafu ubonyeze kwa kishindo. Herufi nyeupe zinaanza kushuka zenyewe, na mteja ananyamaza, maana ameona kazi inafanyika. Siku hiyo zilishuka zikirudia neno lile lile, kwamba muda umekwisha na jibu halijapatikana. Lakini kwa kuwa zilishuka kwa mpangilio, watu walitulia kama dakika nne.

Nikazima kompyuta na kuziwasha, zote isipokuwa ya Mwalimu na namba moja yenye kile kidirisha. Zikarudi na anwani zinazoanza na 169.254. Hiyo ni anwani ambayo kompyuta hujipa yenyewe ikikosa wa kuipa, kama mgeni wa Nairobi anayekuambia anakaa "hapo tu mjini". Nikazima rauta, nikaiwasha. Nikachomoa umeme wa swichi, nikaurudisha. Ikawaka, kiduara cha Mwalimu kikasonga, ngazi nzima ikapiga makofi. Kabla makofi hayajaisha, taa zikaanza tena disko lao na kila kitu kikalala.

Hapo mtu mwenye akili angejiuliza: kitu gani kimebadilika leo asubuhi? Mimi nilijiuliza: nani ameniletea shida?

Kwenye namba saba alikuwepo kijana aliyeingia na flashi kuchapisha barua ya kuomba kazi. Nikaitazama ile flashi. Nikamtazama yeye.

"Umetuletea virusi."

"Mimi? Buda, sijafungua hata faili moja."

"Ndiyo tabia yao, hawangoji kufunguliwa."

Nikamrudishia flashi yake nimeishika kwa kipande cha karatasi, mbele ya watu, na kijana akashuka ngazi akipita katikati ya foleni iliyokuwa inampisha kama mgonjwa wa kipindupindu. Nikisema uongo hapa nitakuwa sijajirekebisha: nilijisikia vizuri sana.

Mtandao haukurudi.

Ndipo nikapigia huduma kwa wateja wa kampuni inayotuuzia intaneti. Akashika dada mmoja mwenye sauti ya upole iliyokwisha kusikia mengi.

"Umezima rauta na kuiwasha?"

"Dada, mimi ni fundi."

"Sawa kabisa. Basi naomba uchomoe nyaya zote kwenye rauta, uache ule wetu tu. Halafu ujaribu intaneti kwa simu yako kupitia waifai."

Wakati huo nilikuwa nimekaa. Kushoto kwangu kulikuwa na chai, kulia mandazi mawili. Rauta iko juu ya kabati, na kuifikia ni lazima upande kiti ambacho kimekaliwa na mteja. Nikanyamaza kwa muda wa kutosha mtu kupanda kiti na kuchomoa nyaya. Nikaongeza na kuhema kidogo, kama mtu aliyenyoosha mikono juu.

"Nimechomoa."

"Na bado haifanyi?"

"Bado."

"Ajabu," akasema dada. "Huku kwetu laini yako inaonekana iko sawa kabisa. Basi nitamtuma mtu aje aangalie."

Nikakata simu na kuwatangazia wateja kwamba tatizo ni kebo ya baharini. Walikubali upesi, maana wote walikumbuka Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki nzima ikawa inatambaa. Kebo ya baharini ni kisingizio kizuri. Iko mbali, iko chini ya maji, na hakuna mteja wa Umoja atakayetaka kwenda kuhakikisha.

"Lakini mbona mimi naona video?" akauliza mtu wa boda, akinionyesha simu yake yenye bando.

"Hiyo inapitia hewani."

Akafikiri. "Hewani hadi Ulaya?"

Nikajifanya nimeitwa na printa.

Saa tano na robo nikaamua kuwa waya unaotoka kwa rauta kwenda kwa swichi una kichwa kibovu. Nikamwinua yule mteja, nikapanda kiti, nikachomoa upande wa rauta. Papo hapo mama wa mitumba, ambaye simu yake ilikuwa kwenye waifai yetu, akapiga ukelele: "Imerudi!"

Ningeomba msomaji akumbuke hapo. Nimechomoa swichi kutoka kwa rauta, na rauta imepona. Hata mtoto wa chekechea angesema ugonjwa uko upande wa swichi. Mimi nikasema, "Mnaona? Si niliwaambia kichwa ni kibovu?" Nikachukua mkasi nikakikata kichwa kizima, kisicho na kosa lolote.

Kuvalisha waya kichwa kipya si kazi ya mtu anayetazamwa na watu kumi na saba. Ndani mna nyuzi ndogo nane, nyembamba kama tambi, na kila moja ina rangi yake. Unazinyoosha kwa kucha, unazipanga, unazishika kwa vidole viwili zisipishane, na unazisoma kimoyomoyo kama dua: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, buluu, buluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Halafu unazikata ziwe sawa, unazisukuma ndani ya kile kichwa cha plastiki, unaminya kwa koleo. Nilipoinua kichwa kwenye mwanga wa dirisha, nikaona buluu na kijani wamebadilishana viti. Nikakata, nikaanza upya. Cha pili kilikaa sawa. Nikapanda kiti, nikachomeka. Tak.

"Imepotea tena," akasema mama wa mitumba.

Nikakikata na hicho. Vilikuwa vimefika vinne, na waya umeanza kuwa mfupi hata ikabidi rauta isogezwe, wakati mzee mmoja aliyekaa karibu na rafu ya chini alipoongea kwa mara ya kwanza. Alikuwa na bahasha ya kaki mapajani na miwani iliyofungwa kwa uzi, na Kiswahili chake kilikuwa cha Pwani, cha kumfanya mtu wa Nairobi ajisikie amekosa adabu kabla hajafungua mdomo.

"Mwanangu, hizi taa zapigana kwa nini?"

"Ni kazi inafanyika, Mzee."

"Kazi gani, na hawa wote wamekaa bure?"

Nikakosa jibu. Mzee akaeleza kuwa alifanya kazi Posta na Simu, akipanda milingoti ya simu na kufuata laini zilizokufa, tangu ujana wake mpaka shirika lilipogawanywa mwaka 1999. Kompyuta hazijui, akasema, ila waya ni waya.

"Niruhusu."

Akapiga goti moja. Akashika waya wa kwanza kwenye swichi kwa kidole gumba na cha shahada, akautelezesha taratibu, bila kuuachilia, mpaka nyuma ya namba moja. "Huyu ana kwao." Akarudi. Wa pili. "Na huyu ana kwao." Akaendelea hivyo, saiba nzima kimya, hata wale wa kwenye ngazi wakanyamaza bila kujua kwa nini. Akafika kwenye waya wa buluu uliotoka tundu la tano. Ukapita chini ya meza, ukaingia kwenye fungu langu lililofungwa vizuri kwa vikamba, ukazunguka, ukatokea upande wa pili, na vidole vya Mzee vikarudi mpaka pale pale vilipoanzia. Tundu la kumi na nne.

Akauangalia. Akaniangalia juu ya miwani.

"Mwanangu, huyu ajipigia simu mwenyewe. Na kila akijipigia, apokea."

Akauchomoa. Taa zikatulia. Kidirisha cheusi nilichokisahau kwenye namba moja kikaanza kushusha majibu kutoka 8.8.8.8, mstari baada ya mstari, na Mwalimu akabonyeza mara yake moja iliyobaki. Ilikuwa saa sita na dakika kumi.

Baadaye nilisoma kilichotokea, kwa aibu, usiku. Kompyuta moja ikitangaza jambo kwa wote, swichi hulinakili tangazo na kulitoa kwenye matundu mengine yote. Ukiwa na waya unaotoka swichi na kurudi swichi ile ile, tangazo linatoka huku linaingia kule, linanakiliwa tena, na halina umri wa kufa. Ndani ya sekunde chache matangazo ni mengi hata rauta haipati nafasi ya kupumua. Dawa yake ilibuniwa mwaka 1985 na Mmarekani Radia Perlman, alipokuwa kampuni ya kompyuta ya DEC: swichi zinajadiliana zenyewe, zikiona njia inazunguka, zinaifunga. Swichi nyingi za bei ghali zina hiyo dawa. Yetu tuliinunua kwa kupatana bei.

Yule kijana wa flashi alirudi Ijumaa kuniuliza kama virusi vyake vimepona. Nilimchapishia barua yake bure, nakala sita, naye akazihesabu.

Lakini siku ile ile, saa saba, Mzee akiwa namba moja anajaza ritani yake na mimi nikimsaidia kwa heshima zote, simu ililia. Mikono ilikuwa kwenye kibodi, nikaiweka kwenye spika. Kosa lingine.

"Habari ya mchana. Naona mtandao wako umetulia. Kabla sijamrudisha fundi wetu njiani, tatizo lilikuwa nini?"

"Ni, aa, ni waya. Tulichomoa."

"Lakini saa tano uliniambia umechomoa nyaya zote."

Saiba nzima ikageuka. Madam akashusha kikombe.

"Nilichomoa," nikasema.

"Ulichomoa saa ngapi?" Madam akauliza kutoka kaunta. "Saa tano ulikuwa hapa na mandazi."

Dada wa simu alinyamaza kidogo, kwa huruma nadhani. "Basi sawa. Naandika hapa kwamba mteja alichomoa waya."

Mzee hakuinua macho kutoka kwenye skrini.

"Mwambie aandike na aliyeuchomeka."