Muuaji Mnamhurumia, Nitamwogopa Saa Ngapi?

Mimi jamani muvi za kutisha sizipendi. Nazitazama kwa sababu shemeji yangu akishaingia ndani ya nyumba yangu, rimoti ni yake. Juzi kaja na Halloween, eti "ile mpya". Mpya yenyewe ya 2007, mwongozaji Rob Zombie kairudia ya zamani! Ile ya zamani, ya mwongozaji John Carpenter ya 1978, niliiona ujanani nikalala na taa wiki nzima, na chumbani tulikuwa ndugu wanne.

Ile ya zamani haikuwa na maneno mengi. Mtoto wa miaka 6 anamchoma dada yake kisu. Kisa? Hakuna kisa. Wazazi wanarudi, wanamvua kinyago, kamesimama na kisu chake kanatazama tu. Baada ya miaka 15 anatoroka hospitali ya wagonjwa wa akili, anarudi mtaani kwao, anasimama katikati ya nguo zilizoanikwa. Anasimama tu! Hajamgusa mtu, na wewe miguu umeshaipandisha kwenye kochi. Daktari wake mwenyewe keshakata tamaa, anasema huyu ni uovu mtupu. Daktari kashindwa, mimi ni nani?

Hii ya shemeji sasa, inaanza kama kikao cha usuluhishi wa ndoa. Mama anacheza uchi klabu, mwanamume wake anashinda kutukana, dada mtu hana adabu, shuleni nako mtoto anaonewa. Mama Neema alikuwa kajifunika uso na mto tangu mwanzo. Akaushusha. "Maskini," anasema, "huyu mtoto kakosa malezi tu."

Malezi! Muvi ina dakika 109, karibu nusu yake tumekaa tunalea. Adui akianza kuua, mke wangu yuko upande wake. Kila anayechomwa kisu, naambiwa, "Na yeye alizidi." Sasa mimi nimwogope nani?

Tusiwanyime haki yao lakini. Huyo adui alipokua wakampa Tyler Mane, mcheza mieleka wa zamani, urefu umepita mita 2. Akisimama mlangoni, mlango umeisha. Yule wa zamani unaweza kujidanganya kwamba ukiwa na vijana wawili mnamdhibiti. Huyu mtaanza kwa kumsalimia. Na vile vinyago anavyojitengenezea mwenyewe kule hospitali mpaka vinajaa ukutani, hapo nilikiri. Ingawa kinyago cha 1978 kilikuwa sura ya mwigizaji William Shatner, yule Kapteni Kirk wa muvi za vyombo vya anga, kimenunuliwa dukani hata dola 2 hakikufika, wakakipaka rangi nyeupe. Dola 2 zikaninyima usingizi wiki nzima! Hii mpya imekula dola milioni 15, na nilisinzia mara mbili wakati wa malezi.

Halafu kuna mwigizaji Danielle Harris. Alipokuwa mtoto alikimbizwa na adui huyuhuyu katika muendelezo wa 1988 na wa 1989. Kwenye hii karudi mtu mzima, anakimbizwa tena. Miaka karibu 20! Hata wanaonidai mimi huwa wanachoka.

Ila kilichoniudhi hasa ni alichofanyiwa mwigizaji Danny Trejo. Humo ni mfanyakazi wa hospitali, anamsemesha vizuri yule mtoto. Shukrani yake? Kazamishwa kwenye sinki, kisha kaangushiwa televisheni kichwani. Televisheni nzima! Niliitazama ya kwangu, ambayo bado nailipia kila mwezi, roho ikaniuma mara mbili.

Baada ya hapo ni mbio tu. Mambo yote ya ile ya 1978 yakasukumwa kwenye muda uliobaki, wasichana wanatukana, wanapiga kelele, wanaanguka, hata majina yao hujayashika. Shemeji anashangilia, "Shem, umeona hiyo? Umeona?" Nimeona. Damu ndoo kwa ndoo, na moyo wangu umetulia tuli.

Saa nane za usiku kibofu kikanigongea. Balbu ya korido iliungua zamani, nimeahidi kuibadilisha, tusiongelee hilo. Nikajipima: lile jitu la mita 2 nalihofia? Wala. Nikikutana nalo ningelipatia pole ya mama yake. Nikafungua mlango kwa kujiamini kabisa.

Mama Neema alikuwa kaanika nguo koridoni.

Koti langu la mvua limetulia pale katikati, mikono chini, kofia juu. Halifanyi kitu. Limesimama tu.

Nikaufunga mlango polepole, nikarudi kitandani na kibofu changu.

"Baba Neema, umeshatoka chooni?"

"Nimeshatoka."

"Basi nisindikize na mimi."