Kazi ya siku moja

Lilikuwa tundu la kiasi cha sahani ya wali. Lipu imebanduka ukumbini kwetu, Mji Mkongwe, chini kidogo ya saa ya ukutani. Mtu mwengine angetundika kalenda, mambo yakaisha. Lakini tangu Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la hapa mjini, ilipoporomoka ubavu Disemba 2020, mama akikuta vumbi la ukuta sakafuni hapati usingizi. Na Idi ilibaki wiki mbili.

Nikamwita fundi. Akagonga ukuta kwa kidole, ko ko ko, akatikisa kichwa: "Aliyeipiga hii hakuwa fundi." (Bado sijakutana na fundi anayemsifu aliyemtangulia.) Kazi ya siku moja, akasema, mfuko wa saruji na ndoo chache za mchanga. Akachukua pesa ya kuanzia. Siku tano nikipiga simu ni "nipo njiani, shekhe wangu". Siku ya sita akatokea bila mwiko, tukaazima kwa jirani.

Haki yake nimpe: kiraka kilitoka laini, Idi tukapokea wageni bila aibu. Ilipoingia masika, pembeni yake pakaanza kutoka unga mweupe. Nikauonja kwa ncha ya ulimi. Chumvi. Usiku mmoja kikaanguka chote kwa kishindo, kikaenda na lipu ya zamani iliyokuwa nzima, na tundu la sahani likawa la sinia la watu wanane.

Kuta zetu hizi ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Hunywa maji ya ardhini, kisha huyatoa polepole kupitia hiyo chokaa. Ukizipiga saruji umeziziba pua. Maji yakikosa pa kutokea hupanda juu zaidi, na chumvi yake hukauka nyuma ya lipu na kuisukuma mpaka ibanduke. Yaani nimemlipa mtu aniharibie ukuta.

Lakini fundi simlaumu peke yake. Chokaa inataka kulowekwa wiki kadhaa, ipigwe matabaka membamba, kila tabaka lisubiriwe na kunyunyiziwa maji lisikauke mbio. Nani angenisikiliza ningesema hivyo na Idi iko mlangoni? Aliyetaka iishe haraka ni mimi. Mji tunajivunia kuwa umo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2000, na ukuta ukipasuka tunakimbilia saruji kwa sababu duka liko pale pembeni.

Sasa nimempata mzee anayejua chokaa. Naye akagonga, ko ko ko: "Aliyeipiga hii..." Nikamwambia namjua, mzee wangu, endelea.

Hii wiki ya nne chokaa imo pipani uani, imefunikwa gunia. Mama amesogeza kabati mbele ya tundu, na kila asubuhi huniuliza kama haijaiva, utadhani napika makongoro.